Wagoni ya Wakubwa Katika Muji Usio na Reli

Goma, mutaa wa Majengo,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla ya maneno mengine ambayo hayatakupendeza. Ninamusalimia pia Faida, maana najua ndiye anashika karatasi hii na kukusomea. Faida, mudogo wangu, nakuomba: soma yote. Usiruke mustari hata sauti ikikukwama, na usibadilishe neno ili baba asiumie.

Baba, kifua kinakuacha ulale? Goti la kushoto je? Dereva mumoja wa kamio ya mizigo aliyetoka Uvira aliniambia kwamba mvua imewapiga sana huko Kalemie na kambi ya reli imejaa matope hadi milangoni. Natumaini mulihamisha kitanda chako kutoka upande ule unaovuja. Na mama ya watoto wangu, jino lake lilipoa? Mimi mwili ni muzima. Ninakula, ninalala, sina homa. Ni roho tu inayochemka. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, kwa sababu matusi yalikuwa mengi kuliko habari.

Nitaanza na habari inayokugusa zaidi, ili usiisikie kwa watu wa biro, ofisi ya reli, kabla ya kuisikia kwangu. Nimefukuzwa kazi ya reli. Karatasi yenye muhuri imekwisha kutumwa huko. Unajua maana yake. Nyumba munayokaa iko kwa jina langu tangu wewe ulipostaafu, na mutu aliyefukuzwa hana nyumba kambini. Watakuja kuwatoa. Nakuomba musingoje siku hiyo na aibu yake, majirani wakisimama kuangalia masufuria yakitupwa inje. Anza sasa kupeleka vitu kwa mujomba Kaluba, kidogo kidogo: kwanza cherehani ya mama ya watoto, halafu sanduku la vyombo vyangu vya useremala, halafu vitanda. Mujomba nimemwandikia karatasi yake mwenyewe. Atawapokea.

Sasa utauliza: mutoto, ulifanya nini? Nitakueleza tangu mwanzo.

Unakumbuka siku walipokuja kuitoa ile wagoni ya premye klasi, ya abiria wakubwa, nyuma ya karakana. Ilikuwa imelala pale miaka, kuku wanataga juu ya viti, mchwa wamekula sakafu. Tuliambiwa kwamba wakubwa wa Goma wanaitaka kwa ajili ya sikukuu na wageni wa Serikali, wapate kitu cha kuonyesha. Sisi wote wa karakana tulicheka. Goma haina reli. Haijapata kuwa na reli. Mutu aliyezaliwa hapa anaweza kuzeeka bila kusikia filimbi ya gari la moshi. Lakini amri ni amri, na mimi na Ilunga wa kuchomelea vyuma tukapewa kazi ya kwenda nayo na kuitengeneza. Wiki sita, walisema. Wewe ulikuja na fimbo yako hadi karakana, ukapitisha mukono kwenye ubavu wake, ukasema mbele ya wote, "Hii ni yangu. Nimefanya ndani yake miaka ishirini na miwili." Halafu ukaniambia, "Kaitengeneze vizuri, mutoto. Watu waone mahali nilipofanya kazi." Nilijisikia vizuri siku hiyo. Sitakudanganya, nilijisikia mutu mukubwa.

Tuliitoa magurudumu, tukaipakia mashua hadi bandari ya Kalundu, halafu kamio kubwa ikaipandisha ile milima ya kwenda Bukavu. Kwenye kona moja wanaume walishika kamba kutwa nzima isianguke bondeni, na mumoja akapondwa vidole vya muguu. Kutoka Bukavu ikapanda bargi ya mizigo, tukavuka ziwa Kivu. Tulipofika hapa, Direkta alikuwa anatungoja bandarini na koti yake ya abakosti na miwani myeusi. Ninamwita Direkta tu, maana kila mutu anamwita hivyo. Ndiye aliyepewa kazi ya kupamba muji. Hakutuuliza safari. Aliizunguka wagoni akasema, "Ni chafu." Hilo ndilo neno lake la kwanza kwetu.

Wiki sita ziligeuka miezi minane. Nilifanya kazi, baba, na kazi hiyo sitaitukana. Nilitoa mbao zote zilizooza. Mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Majengo, Mama Kavira, mutu wa Butembo, ana kaka yake anayefanya biashara ya mbao, naye aliniletea mbao safi za libuyu kutoka Beni. Nikaranda, nikapiga verni ya kung'arisha mara saba, na kila mara vumbi jeusi la volkano likaanguka juu yake nikaanza tena. Vishikio vya shaba nilivisugua kwa majivu na limau hadi ukaweza kujiona meno. Ngozi ya viti nilishona kwa mukono wangu. Ilunga aliunga vyuma vya chini, akamaliza, akarudi kwenu Kalemie mapema kwa sababu muke wake alikuwa anakaribia kuzaa. Mimi nikabaki.

Na pale pa kuiweka, mbele ya ziwa, palitengenezwa kwa salongo, kazi ya lazima isiyo na mushahara. Kila Jumamosi watu wa Majengo na watu wa mutaa wa Murara waliitwa na kipaza sauti kubeba mawe ya volkano. Unajua yale mawe? Yanakata kama kisu. Wanawake walibeba kwa vikapu mgongoni, wanaume kwa kichwa. Asiyekuja analala kasho, kifungoni. Mama Kavira, ambaye ana miaka karibu na yako, alirudi nyumbani vidole vinatoka damu, akavichovya kwenye maji ya chumvi mbele yangu. Direkta alisimama juu ya kiti akawaambia, "Raia, hii ni mali yenu. Munajijengea ninyi wenyewe." Watu wakapiga mikono kama walivyofundishwa. Juu ya mawe hayo tukalaza reli ya urefu wa wagoni tu. Ikianza hapa inaishia pale.

Siku ya kufungua, Direkta aliniita biro akanipa koti nyeupe na glovu nyeupe.

"Utasimama mulangoni," akasema. "Wageni wanaingia. Raia wanaangalia kutoka kwenye kamba."

Nikamuuliza, "Direkta, si ni mali yao?"

Akanitazama kama mutu anayetazama kiti kilichosema. "Kuangalia si kidogo," akasema.

Nikavaa koti. Baba, nilivaa. Nikasimama mulangoni, animasio, wale wa kuimbia Serikali, wakicheza kwenye jua, wakubwa wakipanda na wake zao, viatu vyao vikilia juu ya sakafu yangu. Na mutu wa kwanza niliyemurudisha alikuwa Mama Kavira. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, amejipaka mafuta. Alipita chini ya kamba kwa sababu aliniona mimi.

"Kabwe, ni miye," akasema.

Nikamwambia, "Mama, ni amri."

Hakubishana. Alirudi nyuma ya kamba pamoja na wengine. Wiki nzima aliniwekea chakula juu ya kiti bila kunisalimia, na alikuwa na haki.

Nilifikiri baada ya sikukuu kamba itatolewa. Haikutolewa. Nilifikiri nitarudi nyumbani. Sikurudishwa. Nikafanywa mulinzi, ninashika funguo, ninafuta vumbi, na wagoni ikawa chumba cha Direkta cha kulia. Analeta rafiki zake saa sita, wanakula mbuzi na bia juu ya viti nilivyoshona, wanafuta mikono kwenye pazia. Kila walipoondoka nilisugua mafuta yao. Kishikio kimoja cha mulango wa ndani kiling'olewa na rafiki yake mulevi, akakitia mufukoni akicheka. Niliona kwa macho yangu. Nikafuta vumbi pale kilipong'olewa.

Sasa nifike kwa muzee.

Kulikuwa na muzee mumoja aliyekuja karibu kila siku kusimama kwenye kamba. Anaitwa Bauma. Ni mutu wa Masisi, mufugaji zamani. Siku hizi anakaa Murara kwa binti yake anayeuza maziwa. Murefu, mukavu, kofia ya pamba hata jua likiwaka. Watu wengine walikuja, wakashangaa, wakaenda. Yeye alisimama muda murefu, halafu akaondoka. Siku moja akaniita.

"Mutoto, ni siku gani munafungulia batu bote?"

"Muzee, hiyo siku haiko."

"Basi munaiweka hapa ya nini?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuona gari la moshi zamani. Akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Nimepanda," akasema. "Siye balitupandisha."

Akaniambia habari yake pale pale, yeye upande mumoja wa kamba, mimi upande mwingine. Nakuandikia kama alivyosema.

"Nilikuwa kijana. Balikuja milimani kutafuta bijana ba kwenda kuchimba shaba kule kusini. Shefu wa kijiji akatutoa, miye na benzangu. Tukaenda kwa miguu, kwa mashua, kwa kamio, na mashua tena. Kule Albertville, munaita sasa Kalemie, balituingiza ndani ya wagoni ya mizigo, balifunga mulango kwa inje. Hatukuona jua, hatukupewa maji. Kufika Kabalo gari yetu ilisimama kungoja ingine ipite. Balifungua mulango kidogo, tupate pumzi. Na wagoni hii ilikuwa upande wa pili, karibu sawa vile wee na ule muti. Dirisha wazi. Ndani muko kijana mweusi sawa miye, nguo nyeupe, anamimina maji ndani ya glasi. Nikainua mukono. Nikamwita, ndugu, maji. Akageuka. Akashusha pazia."

Nilimuuliza, "Muzee, alikuwa namna gani huyo kijana?"

"Sura sikuiona muzuri," akasema. "Nilikuwa naangalia glasi."

Baba, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba wagoni ya namna hii ilikuwa moja tu kwenye njia yetu. Ulinifundisha pia kwamba watumishi wa meza mulikuwa wanne, munapokezana wawili wawili. Sijui kama ni wewe. Anaweza kuwa yule mwenzako wa Kongolo, au wale wengine. Nilitaka kuandika hapa kwamba ninakuuliza bila hasira. Ingekuwa uongo. Ninakuuliza kwa hasira. Miaka yote ya utoto wangu ulitueleza habari za vijiko vya fedha na jinsi ulivyobeba sahani sita bila kumwaga, na namna muzungu mukuu alivyojua jina lako. Hukutueleza hata mara moja nani alikuwa ndani ya wagoni za mizigo. Ulikuwa unasikia sauti zao. Zilikuwa nyuma yako siku zote hizo, miaka ishirini na miwili.

Najua utakachosema: wangenifukuza, wangenipiga fimbo, na ninyi mungekula nini. Ni kweli. Mimi pia nilivaa koti nyeupe na nikamurudisha mama anayenipikia, na hakuna aliyenishikia fimbo. Kwa hiyo hasira hii usifikiri ni yako peke yako. Sehemu kubwa ninaimeza mimi.

Siku nyingi baada ya hapo muzee hakuomba kitu. Halafu siku moja akasema, "Nataka kukaa ndani mara moja. Sitaki kugusa kitu. Nataka niangalie pale kwenye dirisha."

"Unataka kuona nini?"

"Nataka nione kama alikuwa anaweza kuniona."

Nikamwambia aje Jumapili asubuhi, saa watu wako misani. Akaja na kanzu safi, akavua viatu kwenye ngazi, nikamwambia avae, akakataa. Nilifungua mulango kwa funguo zangu. Alikaa kwenye kiti cha pili upande wa ziwa, pembeni pembeni, kama mutu aliyeitwa na hakimu. Hakuangalia shaba wala verni. Akaniambia, "Shuka, mutoto. Enda usimame pale kwenye muti."

Nikashuka. Nikasimama chini ya muti, jua usoni. Yeye akasogea dirishani. Akaniambia niinue mukono. Nikainua. Tulikaa hivyo, sijui muda gani, watu wawili wazima, mumoja ameinua mukono kama mutoto wa shule. Uso wake sikuuona vizuri kwa sababu ya kioo. Niliporudi ndani alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Alikuwa ananiona," akasema. "Nimekuona hadi vifungo vya shati. Miaka yote nilijiambia, pengine jua lilikuwa machoni mwake, pengine alifikiri ni mutu mwingine. Hapana. Kutoka hapa mutu anaonekana muzima."

Hakulia. Nilitaka kumwambia baba yangu alifanya kazi hapa. Sikumwambia.

Na ndipo motokari ya Direkta ikasimama inje. Alikuwa anakuja na wageni wawili, mapema kuliko desturi yake, na jandarme mumoja mwenye bunduki kiti cha mbele. Alipomuona muzee ndani, miguu wazi juu ya zulia, hakuuliza mutu kitu. Alisema, "Mutoe huyo." Mimi nikasema, "Direkta, ni mimi nimemu—" na jandarme akanisukuma kando na kitako cha bunduki. Akamushika muzee kwa kola ya kanzu, akamuvuta hadi mulangoni, akamutupa. Ngazi ni za chuma, na chini ni mawe yale ya volkano. Nilisikia mufupa ukivunjika. Muzee wa miaka yake, mutu aliyeomba tu kukaa ndani mara moja. Aliangukia mukono wa kuume na hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu kama mutu aliyemwagiwa maji baridi. Wageni wa Direkta waliangalia ziwa.

Hasira niliyopata saa ile bado iko hapa, baba, chini ya mbavu. Ninaandika na kalamu inatoboa karatasi.

Walimupeleka kasho na mukono umening'inia. Mimi Direkta aliniita biro. Alikuwa ametulia, ameniagizia hata chai. Alinisukumia karatasi iliyopigwa mashini. Ilisema kwamba Bauma, mukaaji wa Murara, alivunja kufuli ya wagoni siku ya Jumapili na kuiba kishikio kimoja cha shaba, na kwamba mimi, mulinzi, nilimukuta ndani.

"Tia sinyatiri, jina lako hapa chini," akasema, "na Jumanne unapanda mashua. Nimekwisha kuandikia kampuni yako kwamba ulifanya kazi nzuri sana. Watakupandisha cheo. Familia yako iko Kalemie, sivyo? Ni muda murefu."

Nilifikiri nyumba. Nilifikiri goti lako na watoto wangu ambao mumoja wao amejifunza kutembea bila mimi. Sitajifanya shujaa mbele yako: nilichukua kalamu. Niliishika. Nilikwisha kuiweka juu ya karatasi.

Nikamuuliza, "Na muzee je?"

"Muzee gani?" akasema. "Ni mutu wa milimani tu. Nani amemuona?"

Kama angenyamaza, baba, pengine ningetia sinyatiri, na leo ningekuwa ndani ya mashua nikila samaki. Lakini alisema hivyo. Niliweka kalamu chini.

"Mimi nimemuona," nikamwambia. "Mulango niliufungua mimi, kwa funguo hizi. Na kishikio alikichukua rafiki yako, yule munene, siku ya mbuzi. Andika hivyo, nitatia sinyatiri sasa hivi."

Hakupiga meza. Alichukua chai yangu akaimwaga dirishani, akamwita jandarme.

Nililala kasho siku nne. Sitakueleza yote, mugongo umeanza kupona. Siku ya pili walimutoa muzee, kwa sababu hawakuwa na mutu wa kushuhudia, na kwa sababu nyingine ambayo nilijua baadaye. Binti yake na wanawake wa Murara walikuwa wamekuja kukaa chini mbele ya biro na ndoo zao za maziwa, na Mama Kavira akaleta wa Majengo. Hawakuimba, hawakutukana. Kila waliposukumwa walisogea kidogo na kukaa tena. Jandarme mumoja alimuuliza Mama Kavira anataka nini. Akamujibu, "Mawe yale nilibeba miye. Nimekuja kuuliza yalikuwa ya kumwangushia nani." Wakamutoa muzee. Mimi walinitoa siku ya nne na karatasi ya kufukuzwa ndani ya bahasha, na Direkta akanitumia neno kwamba nikionekana karibu na wagoni nitapigwa risasi.

Bado iko pale. Inang'aa. Kamba bado iko, mulinzi ni mutu mwingine, naye amevaa koti lile lile, linamubana mabegani. Sijaenda kuiangalia. Kazi yangu bora maishani imesimama pale, na nikisikia mutu akiisifia ninataka kumupiga.

Muzee yuko kwa binti yake. Mukono umefungwa vijiti. Muganga anasema utashika, lakini hautanyooka kama zamani. Ninakwenda kumuangalia kila jioni nikitoka kazini. Ndiyo, kazi ninayo: ninatengeneza vitanda na meza uani kwa Mama Kavira, na mbao ninapewa na kaka yake. Mama Kavira ananisalimia sasa. Ananisalimia hata mara mbili. Sitakosa kuwatumia kitu, na kama mujomba Kaluba ataona nyumba imekuwa ndogo, hapa kuna chumba.

Munisalimie mama ya watoto wangu, mwambie asilie mbele ya watu wa kambi, wasipate cha kusema. Munibusie watoto wote watatu, na yule anayetembea mumuonyeshe foto yangu asinisahau. Mumusalimie mujomba Kaluba, ambaye tunamuletea muzigo bila kumuuliza, na shangazi wa Nyunzu akipita sokoni. Ilunga mumuambie kwamba mutoto wake nimemuchongea kiti. Faida, wewe nakushukuru. Najua sauti imekukwama mahali, na najua ulisoma.

Baba, jambo la mwisho. Jana muzee aliniuliza kwa nini mutu wa mbali amejipoteza kwa ajili yake, na ni mutu wa namna gani aliyenilea. Nikamwambia baba yangu ni muzee wa reli. Akafurahi. Akataka kujua ulifanya kazi gani kwenye reli, kama ulikuwa unaendesha mashini au ulikuwa unapiga filimbi. Halafu nikamwambia sitasema mimi, nitakuandikia uje, na wewe mwenyewe ukae mbele yake na kumuambia.

Amesema atakungoja.

Ni mimi mutoto wako,
Kabwe